Ziwa liko dirishani, ndoo iko tupu: tuongee maji ya Mwanza bila kudanganyana

Mwana wa Mawe

Wakuu mwangaluka.

Naandika huu uzi saa kumi alfajiri, nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, nasubiri maji. Huku kwetu Mabatini juu, zile nyumba zilizopandiana kwenye mawe mpaka ukimwaga maji ya kunawa yanatua kwenye bati la mwenzio, zamu yetu ni usiku. Nikiinua macho naliona ziwa lote, karabai za wavua dagaa zimejipanga huko mbali utadhani ni mji mwingine. Nikishusha macho naiona koki inapumua. Inatoa hewa fyuuuu, inakohoa, inatema kama vikombe viwili vyenye rangi ya chai, inanyamaza. Nusu saa tena fyuuuu.

Sasa sote tumekua na wimbo mmoja hapa mjini, ziwa lile pale, tunakosaje maji? Nimeuimba miaka, kwenye daladala, kijiweni, hadi msibani nimeuimba. Mwezi uliopita nikanyamazishwa na bili yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kwangu kawaida ni uniti 9, zikizidi sana 10. Ikaja uniti 31. Nikapandisha, nikamtukana msoma mita kimoyomoyo, nikasema hawa watu wanasoma mita wakiwa wamelala. Jirani akaniambia kabla hujaenda kugombana na watu maofisini muite fundi kwanza. Fundi akaja, hata begi hakufungua. Akasema funga koki zote, funga na ile ya kwenye tenki, haya njoo tuchuchumae hapa. Kwenye mita kuna kile kinyota kidogo chekundu, chenye meno kama gia ya saa. Kilikuwa kinazunguka. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua hakuna wa kumfukuza. Koki zote zimefungwa na chenyewe kinazunguka tu.

Tukafukua chini ya kibaraza. Kiungo kimeachia. Na kile kiungo nilikichomelea mimi mwenyewe mwaka juzi kwa kubana hela ya fundi, na nikajisifu kwa mke wangu. Uniti 22 zimepotea, uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo lita 22,000, kwa hiyo ndoo 1,100 za lita 20. Zimeenda wapi? Kwenye migomba ya jirani chini yangu. Mimi nilikuwa nasema yule bwana ana mkono wa kilimo!

Ndo nikaanza kujiuliza maswali. Nilichokuja nacho kwenu ni kwamba ziwa halijatukosea kitu, kilichopo ni kilima. Maji yaliyo ziwani ni ya bure na hayana thamani yoyote kwangu mimi niliyeko huku. Maji yenye thamani ni yale yaliyovutwa, yakachujwa, yakatiwa dawa, yakasukumwa mpaka kwenye tenki la juu ya mlima halafu yakanifikia. Kuinua uniti moja mita 100 kwenda juu, ukiweka na uvivu wa pampu, ni karibu nusu uniti ya umeme, na hapo hujalipa dawa wala mtu. Kwa hiyo nilipokuwa namwagilia migomba ya watu nilikuwa namwaga maji pamoja na umeme.

Nataka tuongee. Kwenu yanakujaje, mnayatumiaje, yanapotelea wapi. Siasa wekeni pembeni kidogo, nyuzi zake zipo nyingi.

Fundi Koki wa Igoma

Mleta uzi umenifurahisha hapo kwenye kiungo cha kujichomelea. Nusu ya kazi zangu ni viungo vya kujichomelea, Mungu awabariki muendelee hivyo hivyo.

Nieleze kidogo habari ya kilima maana watu wanadhani ni upendeleo. Maji kwenye bomba yana presha, na kila ukipanda mita 10 unapoteza presha bar 1. Tenki likiwa juu ya mlima mita 60 kuzidi nyumba yako basi wewe unapata kama bar 6, koki inakurushia hadi usoni. Aliye mita 10 tu chini ya tenki anapata bar moja, ikifika kwake imeshachoka. Sasa fungulia koki zote za bondeni saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu anaoga anafua anaosha gari, maji yatapanda kwenda kwa nani? Yanaangukia chini kama mtu mwingine yeyote anayetafuta urahisi. Ndo maana huku juu yanakuja usiku, wa bondeni wakishalala. Mgao mwingine hakuna aliyeupanga, ni bondeni kuamka na bondeni kulala.

Ukitaka kulazimisha kwa kuongeza presha ili wa juu wapate, bomba za chini zinapasuka. Ndo unaona mji kama wetu unahitaji matenki ya kati kati kwenye vilima, na pampu za kusukuma kutoka tenki hadi tenki. Dar wana shida zao lakini hii ya mawe ni yetu.

Jambo lingine la hizo zinazopumua. Bomba likiwa tupu linavuta. Kama lina tundu na limepita kwenye mfereji wa maji machafu, likikauka linanyonya ule uchafu, maji yakirudi yanakuletea wewe. Kwa hiyo yale ya kwanza yenye rangi ya chai usiyaingize kwenye tenki, yakinge pembeni ya deki na choo. Na ndio, ile hewa inaweza kuzungusha mita kidogo, watu wanabisha lakini nimeona kwa macho yangu. Ila uniti 22 sio hewa mkuu, usije ukapata pa kujifichia hahaha.

Sijali Tena

Naomba nitofautiane na mleta mada kwa heshima.

Kila mwaka Wiki ya Maji, tarehe 16 hadi 22 Machi, tunaambiwa wananchi tutunze maji. Sawa. Mtaani kwetu bomba kubwa lilipasuka barabarani, tukapiga simu panapohusika, tukapewa namba ya taarifa. Siku ya tatu watoto wanaogelea. Siku ya tano wa bodaboda wamefungua kabisa kituo cha kuoshea pikipiki pale. Siku ya tisa ndo wakaja. Siku tisa! Halafu mimi nifunge koki nikipiga mswaki?

Upotevu wa maji nchini ni kama theluthi ya yanayozalishwa, lengo lililowekwa ni yasizidi asilimia 20. Theluthi! Sio mimi na mswaki wangu. Waanze wao.

Mwana wa Mawe

Sijali Tena mkuu sikupingi kabisa, siku tisa ni aibu. Ila hebu angalia hiyo theluthi imeundwa na nini. Kuna kupasuka, kuna mita zilizochoka, kuna waliojiunganishia usiku. Na bomba linaloachia polepole chini ya ardhi, ambalo hakuna mtu analiona, linamwaga zaidi kuliko hilo la watoto kuogelea, kwa sababu la barabarani walau watu walilipigia simu. La kwangu halikupigiwa simu na mtu, aliyekuwa anajua ni mgomba.

Halafu hesabu nyingine. Chanzo cha Capri Point kilijengwa kwa lita milioni 90 kwa siku. Wakaongeza Butimba, milioni 48. Jumla 138. Sensa ya 2022 Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda jiji hili, tupo milioni 1.1 na kidogo. Gawanya, unapata kama lita 125 kwa kichwa, ndoo sita na kitu. Kwa karatasi hakuna mtu wa kukosa maji mji huu! Mimi, mke, watoto wanne, ndoo 37 kila siku, tungefungua bwawa. Sasa toa viwanda vya samaki, hoteli, mahospitali, toa wilaya za pembeni zinazovuta kwenye mabomba hayo hayo, halafu toa hiyo theluthi yako. Ndo unaelewa kwa nini nimekaa juu ya ndoo saa kumi usiku.

Mama Kioski

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi nauza maji kioski, sitataja mtaa. Nawaambieni kitu nilichokiona miaka sita ya kukaa pale. Anayejua kutunza maji ni yule asiyenayo. Kuna dada mmoja anapanda na ndoo mbili kwa siku, moja kichwani moja mkononi, ngazi za mawe zile hazina hata pa kushika. Maji yake yanafanya kazi mara tatu. Anaosha mboga, yale ya mboga anasuuzia vyombo vya kwanza, yale ya vyombo anamwagia choo. Ya kufulia, povu la kwanza analowekea nguo za mtoto, la mwisho anapigia deki. Mtoto anaogeshwa ndani ya beseni na lile beseni halimwagwi. Yule dada mkimletea semina ya utunzaji wa maji mnamtukana.

Semina pelekeni kwa wenye mashine za kufulia na bustani za nyasi. Kuna nyumba nyasi zinamwagiliwa saa saba mchana, jua la Mwanza mnalijua, nusu inarudi mbinguni haijagusa udongo. Si umwagilie jioni jamani.

Na wale wa mkokoteni wakipandisha dumu juu wanauza mpaka 500, wakati mwingine zaidi, na siwalaumu maana kile kilima kinaua. Lakini madumu 50 kwa 500 ni shilingi 25,000 kwa uniti. Mwenye bomba ndani halipi hata robo ya hiyo. Maskini ndo ananunua maji ghali mji huu kisha ndo anahubiriwa abane.

Binti Nansio

Mama Kioski wabeja sana, umesema yote.

Naongezea ya kisiwani. Mimi ni wa Ukerewe, maji kila upande ukigeuka. Bibi yangu alikuwa akichota alfajiri kabla mitumbwi haijayavuruga, anaingia hadi maji ya kiunoni, anayapiga na kibuyu kwanza kusukuma takataka kisha anazamisha mtungi. Maji yakiwa na tope anakoroga unga wa mbegu za mlonge, wengine shabu, yanatulia, uchafu unakaa chini. Yalikuwa meupe kabisa na bado tuliugua kichocho darasa zima, mwalimu akiuliza nani anakojoa damu mikono inanyanyuka, tulidhani ni kubalehe.

Kwa anayetumia ya ziwa hadi leo, na mpo najua: vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono wa kwenye majani ya ufukweni na vinapita kwenye ngozi, hata usipokunywa. Maji ukiyafunika kwenye pipa siku mbili vinakufa. Ila kipindupindu na homa ya matumbo hazijali siku zako mbili, kuchemsha au dawa ya maji kuko pale pale. Meupe sio salama.

Sijali Tena

Hiyo ya kubalehe imenimaliza. Na sisi Sengerema tuliamini hivyo hivyo.

Kahama Kwetu

Nyie watu wa Mwanza mna raha mnaongea hivyo. Sisi tunakunywa ziwa lenu tukiwa hatulioni.

Kwa wasiojua, maji yanavutwa Ihelele kule Misungwi, yanasafishwa, yanapandishwa kilimani, yanasafiri mabomba mpaka Shinyanga na Kahama. Mradi ulizinduliwa 2009. Baadaye bomba likasogezwa hadi Nzega, Igunga, Tabora. Kabla ya hapo mimi nikiwa mtoto tulikuwa tunafukua lambo. Mwezi wa tisa lambo limebaki tope, unachimba shimo la mkono, unakaa pembeni unasubiri yajikusanye, unakomba na kikombe cha bati. Ng'ombe wamesimama nyuma yako wanakuhema shingoni. Foleni ya watu na ya ng'ombe ni moja.

Siku ya kwanza maji ya bomba yalipofika mama aliacha koki wazi makusudi dakika nzima, anayaangalia tu. Baba akafoka. Mama akasema niache. Ile ndo siku pekee nyumbani kwetu maji yalimwagika bila mtu kuchapwa. Mpaka leo nikienda Mwanza nikakuta bomba la hotelini linachuruzika nalifunga, na kama halifungiki sipati usingizi, nakinga ndoo.

Mzee wa Kamanga

Vijana hongereni kwa uzi wenye akili.

Huyo wa Kahama kagusa kitu ambacho wengi hamkukiona kwa ukubwa wake. Lile bomba la kutoka Ihelele lilikuwa habari ya mataifa. Mwaka 1929 Mwingereza na Misri waliandikiana kwamba hakuna kazi itakayofanywa kwenye Nile na maziwa yake kwa namna ya kupunguza maji ya Misri bila Misri kukubali. Sisi hatukuwepo mezani, walituandikia. Tulipopata uhuru, 1962 Nyerere akasema makubaliano ya mkoloni hayatufungi. Lakini kusema ni kimoja na kulaza bomba ni kingine. Tulipoanza kulaza la Shinyanga ndo Cairo wakanung'unika kweli kweli, na bomba likalazwa. Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile tuliusaini Entebbe mwaka 2010 pamoja na Ethiopia, Uganda na Rwanda, umeanza kufanya kazi Oktoba 2024. Miaka kumi na nne kungoja nchi za kutosha ziuridhie.

La pili, huo msemo wenu wa ziwa haliishi. Ziwa letu ni pana, kilomita za mraba kama 68,800 na nusu yake iko upande wetu, lakini ni sinia. Wastani wa kina ni mita 40, pale penye kina kuliko pote ni kama 80. Tanganyika ni mtungi, mita 1,470 kwenda chini. Sinia likiwekwa juani linakauka kwa juu. Maji mengi ya Victoria, kama asilimia 80, yanatoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito hata Kagera na ukubwa wake inaleta sehemu ndogo. Na mengi yanaondoka kwa jua, kinachobaki ndo kinatokea Jinja kule Uganda kwenda Nile. Kwa hiyo mvua ikikosea miaka miwili tunaiona.

Mimi nimeona. Mwaka 2006 maji yalirudi nyuma mpaka boti zinakaa kwenye tope, watu wakalima mchicha ilipokuwa mialo. Ukame ulikuwepo, na huko Jinja kwenye bwawa la umeme walikuwa wanaachia maji kuliko kawaida. Kisha Mei 2020 likajaa kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa hadi hapo, wale wa mchicha wakahama na magodoro kichwani. 2024 likapanda tena. Mtu aliyejenga kwa kupima ziwa la 2006 alijenga ndani ya ziwa. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingoni, wakaiona ni ya kuwakomoa.

Nyamhongolo Mpya

Mzee shikamoo. Nimejifunza zaidi ya niliyosoma sekondari nzima.

Swali langu kwenu nyote, kwa nini hatuvuni mvua? Nimejenga Nyamhongolo, bomba lilikuwa bado halijafika. Kuchimba kisima fundi alinigongea mwamba mita chache tu, hela ikaishia kwenye jiwe. Nikakaa na daftari. Mvua ya milimita moja kwenye mita ya mraba moja ya bati ni lita moja kamili. Bati langu ni kama mita 8 kwa 10, yaani 80. Mwanza kwa mwaka tunapata karibu milimita 1,000. Hizo ni lita 80,000, toa zinazoruka na za kuoshea bati weka 60,000. Ndoo 3,000 zinaanguka juu ya kichwa changu kila mwaka na mimi nanunua dumu!

Nikaweka mifereji ya bati, simtanki ya lita 5,000. Masika inajaa kwa mvua mbili kubwa halafu inamwagika, roho inauma. Kiangazi Juni hadi Septemba ndo inaisha. Kwa hiyo hainitoshelezi mwaka mzima, ila miezi saba naoga, nafua na kupika bila kumuamkia mtu wa mkokoteni. Kosa langu kubwa lilikuwa kununua tenki moja badala ya mawili.

Fundi Koki wa Igoma

Nyamhongolo hapo safi. Angalizo: mvua ya kwanza ya vuli usiiingize. Bati lina vumbi la miezi minne na kinyesi cha kunguru, weka kipande cha bomba cha kumwaga yale ya mwanzo ndo ufungulie tenki. Na kifuniko kiwe na wavu, mbu anazaa humo humo.

Na nyie wenye tenki za juu, angalieni boya, kile kinachoelea na kufunga maji tenki likijaa. Boya likikwama, tenki linafurika usiku na wewe umelala, linashukia ukutani kwa jirani, asubuhi anakuuliza ulioga usiku? Hapo ndo naona maji mengi yanapotea kwa wenye uwezo. Ingine ni tangi la fulashi chooni. Lile halipigi kelele. Weka unga wa juisi wenye rangi kwenye tangi jioni, usifulashi, asubuhi chungulia bakuli. Ukiona rangi imeshuka basi raba imekufa, raba ni hela ya soda mbili. Koki inayodondoka mimi nilimuonesha mteja, tukaweka dumu la lita 5 chini yake saa nne usiku, saa kumi alfajiri limejaa. Lita 20 kwa siku, ndoo 30 kwa mwezi, kwa ajili ya wosha, kile kiraba cha ndani ya koki, ambayo ni ndogo kuliko kitufe cha shati.

Sijali Tena

Haya nimeweka juisi ya embe. Nitaleta majibu kesho mkicheka nafuta akaunti.

Mama Kioski

Kuna lingine mmelikwepa na mimi sitalikwepa. Kutapisha vyoo.

Mvua kubwa ikianza usiku, huku vilimani kuna watu wanatoka na nyundo. Anatoboa choo kwa chini, mvua inachukua. Choo kinakuwa kipya bila kulipa gari la majitaka, na gari lenyewe halipandi huku hata ukilipa. Yanashuka ngazi zile zile tunazopandia na ndoo, yanaingia mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani. Halafu asubuhi tunasema ziwa letu. Tunavuta maji tunayasafisha, tunayapandisha kilimani kwa umeme, tunayarudisha chini na kinyesi, tunayavuta tena. Mwani wa kijani mnaouona pale ufukweni na magugu maji yanakula nini mnadhani?

Nilimuuliza mmoja kwa nini, ni mtu mzima na familia. Akanijibu mama, shimo langu ni futi nne, chini ni jiwe, nifanyeje? Nikakosa jibu. Wale waliopitiwa na yale mabomba membamba ya majitaka ya vilimani wameacha kutoboa, hakuna aliyewahubiria, walipewa bomba tu.

Mwana wa Mawe

Mama umetufunga midomo. Kwetu yale mabomba yamepita mtaa wa chini yangu, bado nyumba kama kumi wayafikishe kwangu. Na kuna wanaomimina humo mabaki ya ugali na matambara, yakiziba wanasema mradi feki.

Sijali Tena juisi vipi?

Sijali Tena

Bakuli ni la embe tupu. Hata kijiti cha mswaki kimepaka rangi sijui kimefikaje. Fundi nikutafute wapi?

Fundi Koki wa Igoma

Njoo na ile raba ya zamani mkononi, usinunue kwa kukisia, saizi ziko nyingi. Kisha ukishafunga nenda kwenye mita, funga kila kitu, angalia kinyota kama alivyosema mleta uzi. Kikisimama umepona. Kikizunguka tuanze kufukua.

Nyamhongolo Mpya

Fundi na wale ambao mita iko kwenye shimo limejaa maji na mfuniko haufunguki?

Fundi Koki wa Igoma

Shimo lenyewe kujaa maji ni jibu tosha mkuu.

Mwana wa Mawe

Mrejesho wa mwezi huu: bili imekuja, uniti 8. Mke kaibandika kwenye friji.

Jana jioni jirani wa chini kapanda mpaka kwangu, kakaa kwenye ile ndoo, kakataa chai. Anauliza mbona migomba yake inanyauka ghafla na mvua bado zipo, nimpe ushauri kama mtu wa siku nyingi hapa. Nimemwambia huenda ni udongo.